Mbwa wa Chernobyl: walibakije pale, wanaishije, na je, mionzi imewageuza?

Mwishoni mwa mwaka 2025 simu za wengi wetu zilipokea picha ya mbwa wa rangi ya bluu. Bluu kabisa, kama sare ya shule, kuanzia mgongoni mpaka miguuni. Maelezo yaliyozunguka nayo kwenye makundi ya WhatsApp yalisema huyo ni mbwa wa Chernobyl, mahali kilipolipuka kinu cha nyuklia, na kwamba mionzi imeanza kuwageuza wanyama wa huko. Wasikilizaji wetu kadhaa waliitume studio wakiuliza kama ni kweli.

Tulijibu hewani, lakini dakika tatu za kipindi cha asubuhi hazitoshi kwa jambo kama hili. Ndiyo maana tumeliandika, ulisome kwa nafasi yako.

Tuanze na hiyo picha. Mbwa wale walikuwepo, na bluu ilikuwepo. Mnamo Oktoba 2025 mpango unaoitwa Dogs of Chernobyl, unaowalisha na kuwatibu mbwa wa eneo hilo, ulionyesha video ya mbwa watatu wenye manyoya ya bluu. Waliwaona wakati wakiwakamata mbwa ili kuwafunga kizazi. Daktari wao wa mifugo alieleza kwamba mbwa hao walionekana kujigaragaza kwenye kemikali fulani, na kwamba walishuku choo cha plastiki cha kuhamishika, vile vinavyowekwa kwenye mikutano mikubwa. Ndani ya vyoo hivyo hutiwa dawa ya rangi ya bluu ya kuua harufu. Yeyote aliyewahi kufuga mbwa anajua: mbwa akikuta kitu kinachonuka, atajigaragaza juu yake. Hilo halihitaji mionzi.

Baada ya hapo zikaja picha nyingine nyingi zilizotengenezwa na kompyuta, kila moja ya ajabu kuliko iliyotangulia. Hizo zifute tu.

Lakini swali lililo nyuma ya picha ni zuri. Kwa nini kuna mbwa mahali ambapo binadamu walikatazwa kuishi? Nani aliwapeleka?

Tangazo la redio

Chernobyl iko kaskazini mwa Ukraine, karibu na mpaka wa Belarus. Mwaka 1986 nchi zote mbili zilikuwa ndani ya Muungano wa Kisovieti. Wengi wetu hapa studio tulikuwa hatujazaliwa. Usiku wa kuamkia Jumamosi tarehe 26 Aprili, saa saba na dakika 23, mafundi wakiwa katikati ya jaribio, kinu namba 4 cha kituo cha umeme kililipuka. Paa likafumuka. Moto uliwaka kwa siku kadhaa, na vumbi lenye mionzi likabebwa na upepo kwenda nchi nyingi za Ulaya.

Kilomita 3 tu kutoka hapo ulikuwepo mji wa Pripyat, uliojengwa kuanzia mwaka 1970 kwa ajili ya wafanyakazi wa kituo na familia zao. Ulikuwa na watu wapatao 49,000, wengi wao vijana wenye watoto wadogo. Jumamosi ile watoto walikwenda shule. Harusi zilifungwa. Watu waliona moshi na kusikia minong'ono, lakini hakuna aliyewaambia kitu.

Jumapili mchana ndipo sauti ilipotoka. Nyumba nyingi za Kisovieti zilikuwa na kisanduku cha redio kilichounganishwa kwa waya ukutani, na kupitia visanduku hivyo sauti ya mwanamke ilisoma tangazo: mji utahamishwa kwa muda; chukueni vitambulisho, vitu vya lazima na chakula kidogo; zimeni umeme na gesi, fungeni mabomba ya maji. Watu wengi walielewa, na wengine waliambiwa waziwazi, kwamba watakuwa nje kwa siku tatu. Saa nane mchana mabasi yakaanza kupakia. Yalikuwa zaidi ya elfu moja. Kufikia jioni mji ulikuwa mtupu.

Sisi tunaofanya kazi ya kusoma matangazo tumelifikiria sana tangazo lile. Halikuwa na vitisho. Lilisomwa taratibu, kwa sauti tulivu, kama ratiba ya treni. Ndiyo maana lilitiiwa.

Wanyama hawakuruhusiwa kupanda mabasi. Kwa hiyo watu walifanya kile ambacho mtu yeyote angefanya kama anarudi Jumatano. Waliacha bakuli la maji na chakula cha siku mbili tatu. Wengine waliwafungia mbwa na paka ndani ya nyumba, wengine waliwaachia nje wajitafutie. Waliokuwepo wamesimulia mbwa waliokimbia nyuma ya mabasi mpaka wakachoka. Katika miezi iliyofuata eneo la kilomita 30 kuzunguka kituo lilihamishwa lote, vijiji na miji, na kufikia mwisho wa mwaka ule watu wapatao 116,000 walikuwa wameondolewa. Vijijini kulikuwa na mbwa karibu kila ua.

Hakuna aliyerudi kuishi Pripyat.

Sababu ya kuwakataza wanyama ilikuwa na msingi, na tuieleze kwa mfano wa nyumbani. Mtu akitoka kwenye mashine ya kusaga anakuwa mweupe kwa unga. Akiingia nyumbani bila kujikung'uta, unga unabaki kwenye kiti, kwenye mkeka, kwenye nguo za mtoto. Vumbi la Chernobyl lilifanya hivyohivyo, ila halionekani wala halinuki. Nguo za binadamu unaweza kuzivua na kuzitupa. Manyoya ya mbwa huwezi. Mbwa mmoja aliyezurura nje siku mbili angeweza kubeba vumbi hilo mpaka kwenye kambi wanakopelekwa watoto.

Kosa, kwa maoni yetu, lilikuwa kwenye zile siku tatu. Mtu anayejua harudi tena hamwachii mbwa wake bakuli la maji.

Waliokuja baadaye na bunduki

Muda mfupi baadaye vikundi vya askari na wawindaji vilitumwa kwenye vijiji vilivyohamishwa kuwaua mbwa na paka waliobaki. Serikali ilihofia mambo mawili: vumbi la mionzi kwenye manyoya, na kichaa cha mbwa, ugonjwa unaoenea haraka wanyama wanapokosa mwenyewe na kuanza kukutana na mbweha wa porini. Baadhi ya wawindaji hao walisimulia miaka kadhaa baadaye, na mwandishi wa Belarus, Svetlana Alexievich, aliyekuja kupata Tuzo ya Nobel mwaka 2015, aliyakusanya masimulizi yao pamoja na ya watu wengine wengi wa Chernobyl. Kwenye simulizi hizo kuna jambo ambalo mfugaji ataliona mara moja: mbwa wa nyumbani hakimbii binadamu. Akisikia gari anatoka nje kupokea wageni. Kazi ya bunduki ilikuwa rahisi kwa sababu hiyo, na kwa sababu hiyohiyo ilikuwa ngumu kwa waliotumwa.

Wengi waliuawa. Wote, hapana. Eneo lililofungwa upande wa Ukraine lina ukubwa wa takriban kilomita za mraba 2,600, na kubwa kuliko hapo ukiongeza upande wa Belarus. Misitu, mabwawa, nyumba tupu maelfu. Mbwa waliojificha walibaki.

Kituo hakikufungwa

Hapa ndipo watu wengi wanashangaa. Tunaposikia "eneo lililofungwa" tunafikiria hakuna binadamu kabisa. Lakini kituo cha Chernobyl kilikuwa na vinu vinne, na kilicholipuka ni kimoja. Vinu namba 1 na 2 viliwashwa tena mwaka huohuo wa 1986, na namba 3 mwaka uliofuata. Kinu cha mwisho kilizimwa tarehe 15 Desemba 2000. Hata baada ya kuzimwa, kazi haikwisha: mafuta ya nyuklia yaliyotumika yanapaswa kulindwa, na jengo lililolipuka limefunikwa kwa paa kubwa la chuma lililosogezwa mahali pake mwaka 2016, lenye urefu wa zaidi ya mita 100 kwenda juu.

Kwa hiyo miaka yote hii wamekuwepo wafanyakazi. Wanaingia kwa zamu, wengi wakitokea Slavutych, mji mpya uliojengwa baada ya ajali kuchukua nafasi ya Pripyat. Kuna walinzi kwenye mageti, wazima moto, mafundi wa umeme, wapishi wa kantini. Na palipo na kantini pana makombo.

Mbwa waliotoka msituni walisogea kwa binadamu. Mlinzi wa usiku kwenye baridi ya nyuzi 20 chini ya sifuri ana kibanda chenye joto na kipande cha mkate. Mbwa ana masikio. Wakaishi pamoja. Mbwa hubweka mtu asiyejulikana akikaribia, mlinzi humpa chakula, na wengi wa mbwa hao wana majina. Tukiwaita mbwa koko tunakosea kidogo. Hawana mwenyewe mmoja, lakini karibu kila kundi lina geti lake, na geti lina watu wake.

Watalii nao walichangia. Kabla ya ugonjwa wa UVIKO-19 na kabla ya vita, eneo hilo lilikuwa linatembelewa. Mwaka 2019 pekee waliingia watalii zaidi ya 100,000, na wengi walibeba soseji mfukoni kwa ajili ya mbwa.

Kinachowaua

Ukiuliza mtu wa kawaida nini kinawaua mbwa wa Chernobyl, atasema mionzi. Ukiwauliza wanaowatibu, orodha inaanza na baridi. Baridi ya huko si ya Makete wala ya Limuru. Maji yanaganda kwenye bakuli, na watoto wa mbwa waliozaliwa Desemba mara nyingi hawaioni Februari.

Kisha kuna mbwamwitu. Hapa tufafanue, maana jina letu linachanganya. Hatuzungumzii wale wenye madoa na masikio makubwa wa Nyerere na Serengeti. Hawa ni mbwamwitu wa Ulaya, wakubwa kuliko mbwa wengi, wanaowinda kwa makundi. Binadamu walipoondoka, wanyamapori waliongezeka. Utafiti uliochapishwa mwaka 2015 upande wa Belarus ulikuta mbwamwitu wamejaa mara saba kuliko kwenye hifadhi nyingine za jirani zisizo na mionzi. Mwindaji wa binadamu alikuwa amewabana kuliko mionzi ilivyowabana. Na mbwamwitu akimkuta mbwa aliyetoka peke yake nje ya geti, anamla. Hiyo ni sababu nyingine ya mbwa kung'ang'ania karibu na watu.

Tatu, magari ya kazi. Nne, magonjwa, na hasa kichaa cha mbwa kinacholetwa na wanyama wa porini.

Mbwa wengi wa pale ni vijana, chini ya miaka mitano. Mbwa mzee ni nadra kumwona. Kwa hiyo mbwa unayemwona kwenye picha leo si yule aliyeachwa mwaka 1986. Huyo alikufa zamani. Huyu ni kitukuu cha vitukuu vyake, pengine amechanganyika na mbwa waliokuja baadaye kutoka nje.

Chanjo badala ya bunduki

Kufikia mwaka 2017 kuzunguka kituo chenyewe kulikuwa na mbwa wanaokadiriwa 250, na mamia wengine mjini Chernobyl na kwenye vituo vya ukaguzi. Wafanyakazi walikuwa wanang'atwa. Kwa maelezo ya shirika la Clean Futures Fund la Marekani, ambalo ndilo lenye mpango wa Dogs of Chernobyl, uongozi wa kituo haukuwa na fedha ya njia nyingine, ukaajiri mtu wa kuwakamata na kuwaua. Mtu huyo alikataa kazi.

Shirika hilo likapata kibali cha kujaribu njia ya pili. Kuanzia mwaka 2017 madaktari wa mifugo walikwenda, wakafungua kliniki ndani ya eneo, wakawakamata mbwa mmoja mmoja. Kila mbwa alipimwa kwanza kwa kifaa cha mionzi. Mwenye vumbi aliogeshwa, na manyoya yaliyogoma kusafishika yakanyolewa. Kisha akachanjwa dhidi ya kichaa, akafungwa kizazi, akatobolewa sikio na kuwekewa hereni ya plastiki kama zile za ng'ombe wetu, akarudishwa getini kwake.

Kurudishwa getini ndiko watu hawakuelewi. Kwa nini usimwondoe? Kwa sababu nafasi yake haibaki wazi. Ukiua mbwa wa geti moja, makombo ya kantini bado yapo, na baada ya miezi michache watakuja mbwa wengine kutoka msituni, hawajachanjwa, hawajui watu, na wanazaa. Mbwa aliyechanjwa na asiyezaa anaikalia nafasi ile na kuwafukuza wageni. Hesabu ni hiyohiyo inayotumika kwetu: Shirika la Afya Duniani linapendekeza kuchanja angalau asilimia 70 ya mbwa wa eneo ili kichaa kikose pa kupita. Kampeni za chanjo unazozisikia tukizitangaza kijijini kwako zinafuata kanuni hiyo. (Na uking'atwa, kabla ya yote osha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha kimbilia kituo cha afya. Usisubiri kuona kama mbwa atakufa.)

Vita vilipoingia

Tarehe 24 Februari 2022, siku ya kwanza ya uvamizi wa Urusi, wanajeshi wa Urusi walipita Chernobyl na kukiteka kituo. Wafanyakazi waliokuwa zamu ya usiku hawakupata wa kuwapokea kwa zaidi ya wiki tatu. Walilala kwenye meza na sakafuni, wakiendelea kulinda mafuta ya nyuklia huku silaha zikiwazunguka. Wanajeshi waliondoka tarehe 31 Machi.

Kwa mbwa, madhara makubwa yalikuja taratibu. Watalii hawakurudi tena. Barabara zikawa na vizuizi na mabomu ya kutegwa ardhini msituni. Wataalamu wa nje hawakuweza kuingia kama zamani, na kazi ya kulisha ikaangukia zaidi watu wa Ukraine wenyewe, walinzi na wafanyakazi walewale. Tarehe 14 Februari 2025 droni iligonga lile paa kubwa la chuma na kulitoboa. Kiwango cha mionzi nje hakikupanda, lakini kazi ya kulinda mahali pale imekuwa ngumu zaidi, na wanaoifanya ndio haohao wenye mkate mfukoni.

Je, mionzi imewageuza?

Hili ndilo swali mlilotuuliza, na tumeliacha mpaka hapa kwa makusudi, maana bila kujua maisha yao jibu halieleweki.

Kwanza, mionzi yenyewe. Vumbi la Chernobyl lilikuwa na vitu tofauti. Iodini yenye mionzi hupungua nusu kila baada ya siku 8, kwa hiyo ndani ya miezi michache ilikuwa imekwisha. Lakini katika miezi hiyo iliingia kwenye nyasi, ikaingia kwenye maziwa ya ng'ombe, na watoto waliokunywa maziwa hayo wengi waliugua saratani ya tezi ya shingoni. Wagonjwa wanahesabiwa kwa maelfu. Seziamu ni ya muda mrefu: hupungua nusu kila miaka 30 hivi. Iliyokuwa debe moja mwaka 1986 ilifika nusu debe mwaka 2016, na itafika robo karibu mwaka 2046. Strontiamu nayo inakaribia hapo, na mwili huipokea kama chokaa ya mifupa, ikakaa mifupani.

Mbwa hulala kwenye udongo huo, hula panya waliokula mizizi yake, hujilamba. Kwa hiyo hupokea mionzi nje na ndani. Hakuna mtaalamu anayesema haiwadhuru.

Mwaka 2023 jarida la Science Advances lilichapisha utafiti ulioongozwa na wanasayansi wa Marekani wakishirikiana na wa nchi nyingine. Walichukua damu ya mbwa 302 kati ya mwaka 2017 na 2019, wakati wa zile kliniki za chanjo: 132 kutoka kwenye kituo chenyewe, 154 kutoka mji wa Chernobyl ulio kilomita 15 hivi kutoka hapo, na 16 kutoka Slavutych. Wakasoma vinasaba vyao. Walikuta koo 15. Walikuta kwamba mbwa wa kituoni wana undugu wao wa karibu na wanatofautika wazi na wale wa mjini, ingawa umbali ni wa kutembea siku moja. Mbwa wa kituoni wamebeba zaidi damu ya mbwa wa Kijerumani, wale wa polisi.

Magazeti mengi yaliposikia "wanatofautika" yakaandika "wamegeuka". Utafiti haukusema hivyo. Kutofautika kunaweza kutokea bila mionzi kabisa. Chukua kijiji kimoja chenye mbwa kumi, ukitenge, wazaliane wenyewe kwa vizazi kumi na tano. Utapata mbwa wanaofanana wenyewe na wasiofanana na wa kijiji cha pili. Ilichofanya kazi ile ni kuandika nani ni ndugu wa nani, ili siku za mbele mtu akitafuta alama ya mionzi asiichanganye na alama ya undugu.

Na waliotafuta wamefika. Mwishoni mwa mwaka 2024 kundi jingine la watafiti wa Marekani lilichapisha kwenye jarida la PLOS ONE matokeo ya kuwalinganisha mbwa wa kituoni na wa mjini, kuanzia kromosomu nzima mpaka herufi moja moja za vinasaba. Hawakuona ushahidi kwamba tofauti kati ya makundi hayo mawili imesababishwa na mabadiliko mapya ya vinasaba yanayoletwa na mionzi. Waliacha wazi jambo moja: huenda katika vizazi vya mwanzo mbwa wenye maumbile fulani walistahimili kuliko wengine, na wajukuu wao ndio hawa. Hilo bado linachunguzwa.

Kwa nini basi hatuoni mbwa wenye vichwa viwili? Kwa sababu mionzi haifanyi kazi kama kwenye filamu. Mara nyingi kinasaba kikiharibika vibaya, mimba haifiki, au mtoto hufa siku za kwanza. Kikiharibika kidogo, huonekana baada ya miaka kama saratani, na mbwa ambaye baridi inamchukua akiwa na miaka minne hafikii umri wa kuugua. Hakuna anayempiga picha mtoto wa mbwa aliyekufa chini ya sakafu ya nyumba tupu.

Mmetuuliza pia kama mbwa hawa wanaambukiza mionzi. Mionzi si kichaa wala kikohozi. Rudi kwenye mfano wa mashine ya kusaga: mwenye unga kwenye nguo anauacha kwenye kiti, lakini akioga amekwisha. Ndiyo maana watalii walikuwa wanaonywa wasiwashike mbwa manyoya, na ndiyo maana madaktari huwaogesha kabla ya kuwatibu. Alichokula mbwa na kikaingia mwilini mwake ni mzigo wake mwenyewe, na sehemu kubwa ya seziamu hutoka kwa mkojo akila chakula safi kwa wiki kadhaa.

Kwa msingi huo, mwaka 2018 serikali ya Ukraine ilikubali jambo ambalo halijawahi kuruhusiwa tangu ajali. Watoto wa mbwa walitolewa eneo lile, wakawekwa kwenye makazi maalum Slavutych kwa wiki kadhaa, wakapimwa mara kwa mara, na waliokuwa safi wakapelekwa Amerika ya Kaskazini kwa familia zilizoomba kuwalea. Ruhusa ilikuwa kwa wadogo tu. Mbwa wakubwa walibaki kwenye mageti yao.